Salmoni Wangu wa Asali na Wale Wanaosema Siwezi Kujilisha

Jumatatu, 7 Julai

Baridi kali. Dada Glenys amepiga simu kutoka Hobart mjini. Hakuniuliza hali, ameuliza nimekula nini. Nikamwambia nimekula vizuri. Akasema "vizuri" si chakula, Mervyn, taja chakula. Nikataja tambi za kopo. Akauliza kama nilizipasha moto. Swali la kipolisi hilo!

Naandika ukweli wote hapa ili siku moja nihukumiwe kwa haki. Baa yetu imefunga jiko mpaka baridi ipite. Nilikuwa nakula pale kila jioni. Sasa nakula makopo. Kuna kosa gani? Nina miaka sabini na moja, nimekata magogo tangu ujana wangu na sijafa. Lakini wiki jana Glenys aliingia bila hodi, akanikuta nakula tambi baridi kwa kijiti cha kukorogea rangi. Kijiti kilikuwa kipya! Hilo hakuna anayelitaja.

Sasa kuna chumba kimebaki wazi kwenye nyumba za wazee kule Kingston, karibu na kwake. Dirisha moja, na kamba ya kuvuta ukianguka. Tangu mumewe Ron afariki mwaka jana hana mtu wa kumsimamia, kwa hiyo ananisimamia mimi. Amesema anakuja kula kwangu Jumamosi jioni. Anataka chakula halisi, kilichopikwa na mikono yangu. Akiridhika, nabaki kwenye nyumba aliyoijenga baba. Asiporidhika, nahamia Kingston, na hataki kusikia neno.

Mdomo uliponza kichwa. Ningesema viazi, mambo yangeisha. Nikasema salmoni wa kupakwa asali, dada, kama kawaida yangu. Kama kawaida yangu! Glenys akasema haya, tutaona.

Sijawahi kupika salmoni maishani. Nimemnusa tu, kupitia dirisha la jirani yangu Athol Cripps, ambaye tangu astaafu anavaa aproni na kujiona mpishi wa ikulu.

Kingston siendi. SIENDI.

Jumanne, 8 Julai

Bahati imesimama upande wangu! Dhoruba ya jana imelegeza kizimba kimoja cha samaki kule ghubani, sili, wale mbwa wa baharini, wakamalizia kwa meno, na salmoni wa kufugwa wametoroka. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa gatini na fimbo za kuvulia. Mwalimu yupo, wanafunzi wake wapo, mchungaji yupo na mabuti ya mpira.

Nilikwenda na chambo cha ngisi, kama alivyonifundisha baba. Athol akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba samaki hawa wamezaliwa kizimbani, chakula chao huwanyeshea kutoka juu, na ngisi hawamjui kwa sura wala kwa jina. Kisha akatia mkono mfukoni, akarusha konzi ya chakula cha paka, vile vipunje vikavu. Maji yakachemka! Salmoni walikuja mbio kama watoto waliosikia kengele ya mlo. Akavua mmoja, akavua wa pili, nikaacha kutazama.

Alininyooshea konzi na mimi. Nikamwambia mimi navua samaki, silishi paka. Watu wakacheka sana. Nilifurahi, mpaka nilipogundua hawakuwa wakicheka upande wangu.

Nimepata mwani na mafua.

Tulipokuwa tunaondoka, Athol akaninyooshea salmoni mkubwa mbele ya kila mtu. Akasema chukua, jirani, friza yangu imejaa hadi haifungiki. Sadaka, tena hadharani! Nikapanda juu ya kreti. Nikatangaza kwamba mtu wa ukoo wetu wa Pybus hajawahi kula samaki wa mtu mwingine na hataanza leo. Yeyote atakayeniwekea samaki mlangoni, nitamtupia samaki huyo kupitia dirisha lake. Hotuba nzuri mno. Hata mchungaji alikosa la kuongeza.

Jumatano, 9 Julai

Salmoni wakitoroka, hapa kwetu kuna desturi. Aliyepata humwekea mwenzake ngazini, ndani ya mfuko wa mkate. Hakuna hodi, hakuna asante. Asubuhi hii kila ngazi mtaani ilikuwa na mfuko. Mjane wa pale kona alipata minne. Wale vijana waliohamia kutoka Melbourne, ambao hawali kitu chenye macho, walipata miwili na wakabaki wameisimamia kama watu waliokutwa na msiba. Ngazi yangu ilikuwa na umande.

Miaka yote watu hawa hawajawahi kusikiliza neno langu hata moja. Hili moja wamelisikia!

Nilitembea mtaani polepole na mfuko mtupu wa mkate mkononi, ukipepea. Mtu mwenye akili angeelewa. Kila niliyekutana naye aliniuliza kuhusu mvua.

Nikaenda dukani. Rosslyn, mwenye duka, akasema wiki hii haleti salmoni, nani amnunue, mzee Mervyn, hata mbwa wameanza kugeuza nyuso. Nikasimama. Nikawaza. Nikanunua mfuko mkubwa wa chakula cha paka. Akaniuliza tangu lini nina paka. Nikamwambia shughuli zangu ni zangu.

Gatini hapakuwa na mtu. Vizuri, sikutaka mashahidi. Nikarusha konzi. Nikarusha nyingine. Wahenga walisema penye kuku wengi usimwage mtama, lakini hawakusema lolote kuhusu shakwe, hawa ndege wa pwani. Walinishukia wote wa Tasmania kusini. Mmoja alichukua kofia yangu, mwingine akanifuata mpaka nyumbani, na hadi sasa yuko juu ya tangi la maji ananitazama. Salmoni? Waliobaki wameliwa na sili au wamekwenda zao.

Jioni simu ikalia. Glenys. Rosslyn alimwambia binamu yake, binamu akamwambia mtu wa mji wa Geeveston, na habari ikafika Hobart ikiwa imenenepa: Mervyn Pybus hana paka na anakula chakula cha paka. Glenys alikuwa analia, au ana mafua, kwa simu ile huwezi kutofautisha. Akasema anakuja kesho kunichukua. Nikamwambia haiwezekani, salmoni wangu yuko kwenye maandalizi, huwezi kumkatiza. Akasema sawa, Jumamosi, lakini anakuja na maboksi ya kufungia vitu vyangu.

Maboksi! Alete. Nitawashia nayo jiko.

Alhamisi, 10 Julai

Samaki! Ngazini!

Amefungwa kwa gazeti, kamba imezungushwa mara mbili na kufungwa kwa fundo letu la wakata magogo. Fundo hilo mtaani hapa wanalijua watu wawili, na mimi sikulifunga. Athol na mimi tulifanya kazi kambi moja, msumeno mmoja, yeye upande huu na mimi upande ule. Ndani ya gazeti kuna vipande vinne, safi, miiba yote imetolewa. Sifa tu za kijinga! Mtu wa kawaida angeacha miiba.

Nilisimama naye mkononi muda mrefu, nikilitazama dirisha la Athol. Ahadi ni ahadi. Lakini nilisema "mlangoni". Huyu alikuwa ngazi ya chini kabisa, karibu na nyasi, mahali ambapo kisheria ni bustani. Nikamtia kwenye friji.

Kikabaki kitu kimoja. Apakwe nini, na apikweje? Kuuliza siwezi. Basi nikabuni mbinu ambayo, nasema bila kujisifu, ni ya kiwango cha juu. Nikaegemea ua. Athol alikuwa anapasua kuni. Nikamwambia, nasikia wewe unapika salmoni kwa sukari na siki, ndiyo maana mtaa mzima unanuka.

Akaangusha shoka! Akasema sukari? Sukari?! Mimi? Asali, bwana Pybus, asali ya maua ya msitu wa huku huku! Vijiko viwili, na kijiko cha sosi ya soya, na kitunguu saumu kilichopondwa, na tangawizi iliyokunwa, na limau umalizie. Nikamwambia nasikia pia unamchemsha. Akawa mwekundu. Akasema unampaka, unamweka kwenye trei, moto wa juu wa oveni, karibu kabisa, dakika nane, kumi zikizidi sana...

Hapo nilikuwa nimepata kila nilichotaka, nikaenda zangu. Aliendelea kusema kitu nyuma yangu, kitu kuhusu kutoondoka na kula papo hapo na kutothubutu kumwacha. Athol siku zote huongea mno.

Amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Leo nimecheka peke yangu mpaka shakwe akaruka.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya majaribio. Nikawasha oveni ili ipate moto huku nikitafuta kijiko cha kupimia. Sina kijiko cha kupimia. Nilipokuwa natafuta, nikasikia harufu ya ajabu, si ya samaki, maana samaki alikuwa bado kwenye friji.

Mabuti yangu. Tangu Mei nimekuwa nikiyakaushia kwenye oveni. Kila mtu hapa hufanya hivyo! Tofauti ni kwamba wengine huyatoa.

Moshi mweusi. King'ora cha moshi kikapiga kelele, nikakipiga kwa ufagio, kikanyamaza milele. Athol akatokea uani akauliza kama naungua. Nikamwambia nafukiza samaki, utaalamu wa zamani. Akanusa. Akauliza samaki huyo alikuwa amevaa viatu saizi gani.

Nimeshinda mchana wote nikikwangua mpira kwenye kuta za oveni kwa patasi ya baba. Vidole havisikii. Kuna wakati nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, nikatazama jikoni humu. Alama za penseli mlangoni, urefu wangu na wa Glenys, baba aliziweka kila Krismasi. Nyumba za wazee zina milango ya plastiki. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kweli.

Kisha nikainuka nikaendelea kukwangua. Mtu hawezi kuhamishwa na mabuti.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa mtu huru.

Chakula cha jioni katika nyumba hii huliwa saa kumi na moja na nusu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa enzi za mama, hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtu kutoka hapa mpaka mwisho wa barabara. Nikapaka asali yangu, nikamtia samaki motoni mapema kidogo. Alitoka mzuri! Anang'aa, kingo zimeshika rangi, harufu ilijaa nyumba. Nilikaribia kulia. Nikaweka sahani mbili, uma mbili, kijiti cha rangi nikakificha.

Glenys hakuja.

Nilikuwa nimesahau kwamba ameishi mjini miaka arobaini na amekuwa mtu wa kula saa moja usiku, kama mawakili! Nikamrudisha samaki kwenye oveni asipoe. Nikasikia gari, nikampaka asali upya ili ang'ae. Halikuwa gari la Glenys. Nikasikia jingine, nikampaka tena. Jumamosi magari ni mengi, watu wanatoka kwenye mpira. Kila gari, tabaka jipya la asali. Nikajiambia hakuna hasara, haraka haraka haina baraka, na samaki wa dakika kumi hawezi kuwa na baraka nyingi.

Saa moja kamili akaingia. Maboksi ameyaacha sebuleni, bapa, hayajakunjuliwa. Akaketi bila kuvua koti. Nikaleta samaki.

Alikuwa mweusi. Aling'aa, siwezi kukana, ungeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Glenys akagonga kwa kisu. Ko, ko. Akajaribu kukata, kipande kikateleza kikaruka mezani, kikagonga ukuta na kurudi kizima. Nikamwambia huo ndio mtindo wake, unaitwa mng'aro mgumu. Akaniangalia kwa yale macho ya mwalimu mkuu. Nikajua imekwisha. Nikaanza kuhesabu moyoni vitu vitakavyoingia Kingston na visivyoingia.

Akavunja kipande kwa mikono, akatia mdomoni. Akamung'unya. Akamung'unya sana. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani amepaliwa, nikainuka nimpige mgongoni. Alikuwa anacheka! Akasema Mervyn, huyu ni mama mtupu. Mama aliunguza kila kitu kilichopita mikononi mwake, unakumbuka ile keki ambayo baba alizuilia mlango? Nikasema nakumbuka, ilidumu mpaka nikaoa... hapana, sikuoa, mpaka tukapata mlango mwingine. Akacheka mpaka machozi yakatoka.

Yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha.

Akasema tangu Ron aondoke hajakaa mezani. Anakula mkate mkavu, amesimama, karibu na sinki, anatazama ukuta wa jirani. Ananipigia mimi kuuliza nimekula nini kwa sababu ni lazima amuulize mtu. Mwaka mzima, Mervyn, akasema. Umekaa unapika huku, unaniandalia meza, mimi nakuja na maboksi.

Nilitaka kumshika mkono lakini mkono wangu ulikuwa umegandia trei kwa asali. Nikamwambia chukua kipande kingine, dada, kipo. Akachukua. Tulivimaliza vyote vipande vinne, kwa mikono, na jino lake moja la bandia lililegea na hakulalamika.

Jumapili, 13 Julai

USHINDI! Kingston haitajwi tena. Maboksi yameingia kwenye jiko la moto. Nyumba ya baba ni yangu!

Nyongeza ndogo. Glenys anahamia hapa. Anapangisha nyumba yake ya Hobart na anachukua chumba cha mashariki, nilichokuwa nimewekea mashine ya kukata nyasi. Asubuhi ametupa makopo yangu yote, amefua mapazia, ameng'oa king'ora kilichokufa na kuweka kipya. Mabuti hayaruhusiwi kupita veranda. Nilimkumbusha nani mwenye nyumba. Akasema sogeza mguu, nafagia.

Mchana nilimkuta uani anaongea na Athol. Athol alikuwa amemletea limau, na aproni bado kifuani, mtu hana haya. Nilisimama nyuma ya tangi, si kwa kusikiliza, nilikuwa nakagua tangi. Glenys alimwambia amechoka kula peke yake, na kwamba mdogo wake ni mkaidi kama nyumbu lakini ni mtu wa kukaa naye mezani. Athol akasema anajua, alikata naye magogo, mwenzake huyo haachii msumeno hata akikatika kidole.

Maskini Glenys. Anaona aibu kukiri mbele za watu kwamba kilichomleta ni samaki wangu. Mwanamke anaacha jiji zima, duka la mikate liko mlangoni pake, basi liko mlangoni pake, anakuja kuishi na mashine ya nyasi! Nani hufanya hivyo bila sababu? Nikatoka nyuma ya tangi, nikamweleza Athol kwa upole pale anapokosea na mapishi yake. Dakika kumi ni uvivu. Saa mbili nzima, nikamwambia, na asali kila gari likipita. Akafungua mdomo. Akamtazama Glenys. Akaufunga. Hana hoja.

Njiani kutoka uani nimemwambia mchungaji, aliyekuwa anapita, kwamba chakula cha jioni cha kanisa mwezi ujao, cha watu wote, asitafute mpishi, mimi nipo.

Leo jioni Glenys amepika nyama ya kondoo na viazi. Saa kumi na moja na nusu, nilimshinda kwenye hilo. Nyama ilikuwa laini mno, haina msimamo, inaachia mfupa ukiitazama tu. Nimekula sahani tatu ili asijisikie vibaya.